Motokaa za Waya

Katika vijiji vya Bariadi, siku isiyo ya shule, mara nyingi husikika mvumo wa lori na lori lenyewe lisionekane. Avumaye ni mtoto. Ameshika ufito mrefu wenye usukani wa waya juu yake, na mbele ya miguu yake inakimbia motokaa aliyoiunda mwenyewe.

Wazee wengi wakiona hivyo hunung'unika. Husema ya kuwa mtoto huyo ni mvivu, ng'ombe wamemshinda na kitabu kimemshinda. Wengine huitwaa ile motokaa wakaikanyaga, au wakaitia motoni. Maneno ya wazee yastahili heshima, lakini katika jambo hili wamekosea, na kiteketeacho katika moto ule si waya tu.

Na itazamwe kazi yenyewe. Simiyu ni nchi ya pamba, na wakati wa mavuno malori huja kuichukua. Mtoto husimama kando ya barabara akiyatazama kwa jicho la fundi: taa zi ngapi, bodi imefungwaje, springi zimepinda namna gani. Arudipo nyumbani hutafuta waya, makopo matupu na ndala zilizokatika. Waya huupinda kwa koleo, na asipokuwa na koleo, kwa jiwe. Ndala huzikata kwa kisu apate magurudumu. Hana mchoro wala kipimo, ila kile alichokihifadhi kichwani.

Kisha shida humjia, nayo ndiyo mwalimu wake. Akiyakaza magurudumu mawili ya nyuma katika ekseli moja, motokaa huenda vema penye njia iliyonyoka. Lakini kwenye kona gurudumu moja huburutwa mavumbini. Sababu ni kwamba gurudumu la nje hupita njia ndefu kuliko la ndani, nayo yamefungwa pamoja. Akiyaacha yazunguke kila moja peke yake, kuburutwa kwaisha. Shida ya mbele ni kubwa zaidi. Motokaa nyingi za waya hukata kona kwa kugeuza ekseli nzima juu ya msumari mmoja, na kona ikiwa kali gurudumu hugonga bodi na gari hupinduka. Ndipo mtoto, kwa ruhusa ya dereva, huchungulia chini ya lori lililozimwa, akaona kwamba ekseli ile haigeuki kamwe. Kila gurudumu hugeuka mahali pake, na chuma kimoja chembamba huyaunganisha.

Swali hilo hilo liliwasumbua watu wazima wenye ujuzi. Georg Lankensperger wa Munich, fundi wa magari ya farasi, alipata njia ya kulijibu, na mwaka 1818 Rudolph Ackermann aliiandikishia hati huko London. Hata hivyo motokaa ambayo Karl Benz wa Ujerumani aliipatia hati mwaka 1886 ilikuwa na magurudumu matatu tu, moja likiwa mbele. Hati ya kugeuza magurudumu mawili ya mbele Benz aliipata mwaka 1893. Basi mtoto anayelitafuta jambo hili kwa waya na ndala hachezi mchezo wa kipumbavu. Wengi wa watoto hawa watakuwa wakulima, wala hilo si hasara. Mwenye mkokoteni naye ahitaji kujua kwa nini gurudumu lake linalika upande mmoja.

Yako mambo ambayo wazee wana haki kuyakataza. Waya wa ua wa jirani si wa kuokota, na waya wa umeme usiguswe kabisa. Tena mtoto akiwasahau ng'ombe hata wakaingia katika shamba la mtu, na aadhibiwe kwa ajili ya ng'ombe. Motokaa haikula mtama wa mtu.

Na wasichana je? Huambiwa kwamba kazi hii ni ya wavulana, wakapewa ndoo. Vidole viwezavyo kusuka nywele kwa mistari iliyonyoka vitashindwaje kupinda waya?

Shuleni nako motokaa hizi huachwa mlangoni, na ingefaa ziingizwe ndani saa ya hesabu. Gurudumu la ndala lenye upana wa sentimeta 7 huenda sentimeta 22 hivi kila lizungukapo mara moja. Litiwe alama ya chaki, wanafunzi wahesabu mizunguko toka mlango wa darasa mpaka mwembeni, kisha wapime njia ile ile kwa kamba. Majibu mawili yakihitilafiana, watafute sababu: labda gurudumu liliteleza, labda si duara kamili, au labda mwenye kuhesabu alikuwa akitazama motokaa ya mwenzake.