Picha ya Jabali na Adhana ya Magharibi

Miezi ya kiangazi familia nyingi za Dodoma hupanda majabali yaliyouzunguka mji, hususan lile la Simba, ili kupiga picha jua linapozama. Yanayofuata tunayajua: adhana inasikika kutoka bondeni, na baba bado anasema, "Ngojeni kidogo, nuru ndiyo kwanza inapendeza."

Yafaa tumjibu kwa elimu ya picha yenyewe. Graniti ina chembe za rangi ya waridi na nyingine zinazometa. Mchana jua likiwa utosini hazionekani. Jiwe lote huwa jeupe na bapa. Ikibaki kama nusu saa jua lizame, nuru hupita katika hewa nyingi zaidi, yenye vumbi la kiangazi. Buluu hutawanyika njiani, na kinacholifikia jabali ni wekundu. Kwa kuwa nuru inatoka ubavuni, kila ufa hupata kivuli chake. Hapo ndipo pa kupiga picha, nawe umelipa jua mgongo. Wengi hulielekea jua, kisha hushangaa jabali limetoka jeusi kama chungu na nyuso za watoto hazitambulikani.

Jua likishagusa upeo wa macho, duara lake hutoweka kwa dakika mbili na ushei, maana huku kwetu karibu na ikweta hushuka takriban wima. Baada ya hapo jabali limekwisha kufifia. Picha yake ama imepatikana kabla ya adhana, ama imekosekana. Udhuru wa baba hausimami, hata mbele ya kamera.

Inabaki mbingu. Wekundu ule ndio shafaki, na katika madhehebu ya Imamu Shafi ukipotea, wakati wa Magharibi umekwisha. Anayeupiga picha hadi ufifie anapiga picha ya saa yake mwenyewe ikimwishia! Na aswali kwanza hapo hapo, juu ya jiwe tambarare. Kibla ya Dodoma iko kaskazini, ikiegemea mashariki kidogo, hivyo machweo yatakuwa kushoto kwake. Akitoa salamu, mara nyingi ataikuta mbingu imeiva kuliko alivyoiacha.

Wenye watoto wadogo, hata hivyo, wateremke mapema na kuswali chini. Dakika 20 baada ya jua kuzama ni shida kuona pa kukanyaga, na simu iliyomaliza chaji kwa picha haina tochi.