Kiswahili cha ndani, Kiswahili cha nje

Kipindi cha wiki hii tuliongelea shule, na kuna moja sikulimaliza.

Nilipokuwa darasa la nne hapa Stockholm, kila ikifika friluftsdag, siku ya darasa zima kwenda nje, Mama alinibakiza nyumbani. "Baridi yote hii? Na hesabu mtasoma saa ngapi?" Kesho yake wenzangu wana hadithi za msituni, mimi nina kikohozi cha uongo. Leo nina miaka 34, kuteleza kwenye barafu sijui.

Nilimlaumu sana, mpaka nilipomuuliza. Mama alisoma Morogoro miaka ya sabini, enzi za Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, iliyotangazwa 1967. Shule ilikuwa na shamba, watoto wasome kwa kichwa na kwa mikono. Wazo zuri. Ila kwake jembe lilikuwa adhabu pia: umechelewa namba? Kalime. "Mimi nilikuja huku ili mwanangu akae ndani, mezani, na kitabu." Nikanyamaza.

Sasa mwanangu yuko chekechea ya nje, ule mtindo wa I Ur och Skur ulioanzia hapo Lidingö mwaka 1985. Mvua, theluji, wao wako msituni, wanajumlisha kwa vijiti. Mama hakutaka hata kusikia. Halafu Septemba nikakwama kazini, ikabidi aende kumchukua yeye.

Mjukuu akamvuta mkono: "Bibi, kolla, snigel!" Mama akainama. "Huyo ni konokono." Wakaendelea hivyo njia nzima: utando wa buibui, uyoga, siafu wa kwao wanavyouma kuliko hawa sisimizi. Usiku mtoto akaniuliza umande ni nini. Sikujua! Ikabidi nimpigie Mama.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kiswahili nilicholelewa nacho ni cha ndani: njoo ule, vua viatu, zima taa. Nusu ya pili ilikuwa nje, na hatukutoka pamoja. Mtoto akiguswa na kitu atauliza jina lake, na yule aliye karibu ndiye atakayempa.

Kwa hiyo Jumamosi chukueni wazee wenu, twendeni msituni. Huku hatuhitaji ruhusa ya mtu. Mkirudi, niandikieni: neno gani mmelipata huko?

Mama anasema mvae soksi mbili.