Kaunti za Gusii zigharimie vipuri, si mashimesikio pekee

KILA mwaka ifikapo Machi 3, Siku ya Kusikia Duniani, hotuba hutolewa kuhusu masaibu ya watu wenye matatizo ya masikio. Aghalabu hafla za aina hii hukamilishwa kwa ugavi wa mashimesikio, yaani vile vifaa vidogo vya kumsaidia mtu kusikia.

Jambo ambalo ni nadra kutajwa ni yatakayojiri miezi kadhaa baadaye, wageni wakiwa wamerejea makwao, pindi shimesikio litakaponyamaza. Kwa wakazi wa kaunti za Kisii na Nyamira, hilo ndilo swali linalostahili kuulizwa kabla ya kifaa kununuliwa au kupokewa kama msaada.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka wa 2021 kwamba watu milioni 430 ulimwenguni wanahitaji huduma za kurekebisha uwezo wao wa kusikia. Nchini Kenya, sensa ya mwaka wa 2019 ilirekodi watu 153,361 wenye umri wa miaka mitano na zaidi waliokuwa na ulemavu wa kusikia.

Sensa hiyo hiyo ilihesabu wakazi 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira. Ni eneo lenye msongamano mkubwa wa watu, ambapo biashara, mahubiri, mabaraza ya chifu na masomo huendeshwa kwa sauti. Asiyesikia katika soko la Daraja Mbili hupunjwa, na mwanafunzi asiyesikia darasani huonekana mzembe.

Mtu anayepoteza uwezo wa kusikia sauti nyembamba hupata shida kutofautisha konsonanti. Mwalimu akitamka "saa", "taa" na "faa", mtoto kama huyo husikia neno moja tu. Anajua kuwa mtu anazungumza, ila haelewi anachosema. Shimesikio linalofaa humrejeshea tofauti hiyo.

Ili kuelewa kwa nini mashimesikio mengi huishia kwenye droo, yafaa kujua yanavyofanya kazi. Kila kifaa kina maikrofoni ya kunasa sauti, kikuza sauti, betri, na spika ndogo mno ambayo mafundi huiita risiva. Risiva ndiyo hupeleka sauti iliyokuzwa sikioni. Ikiharibika, sehemu nyingine zote zinaweza kuwa nzima na mwenye kifaa asisikie lolote.

Mahali ilipo risiva ndipo penye tofauti kubwa kati ya aina mbili za mashimesikio yanayovaliwa nyuma ya sikio. Katika aina ya kwanza, ambayo ni ya jadi, risiva imo ndani ya kifaa chenyewe. Sauti hupitia katika mrija wa plastiki hadi kwenye kiziba kilichotengenezwa kwa umbo la sikio la mwenyewe.

Katika aina ya pili, ambayo imeenea sana katika miaka ya karibuni, risiva imefungwa kwenye ncha ya waya mwembamba na huingizwa ndani ya tundu la sikio. Kifaa huwa kidogo, chepesi na hakionekani kwa urahisi. Watu wazima wengi huipenda, hasa wale ambao bado husikia sauti nzito lakini wamepoteza sauti nyembamba.

Aina hii ina faida nyingine. Risiva ikiharibika, fundi huichomoa na kuweka mpya kwa dakika chache, bila kupeleka kifaa kizima kiwandani. Kwa kawaida bei ya risiva ni sehemu ndogo tu ya bei ya shimesikio.

Hata hivyo, faida hiyo ipo tu mahali ambapo risiva mpya inapatikana. Kwa kuwa hukaa ndani ya sikio, risiva ya namna hii huathiriwa na nta, jasho na unyevu. Nyanda za juu za Gusii hupata mvua takriban mwaka mzima, na wakulima wa chai wa Nyamira huchuma majani asubuhi kungali na umande. Mazingira hayo si rafiki kwa chombo cha umeme kilicho na ukubwa wa kama punje ya mchele.

Fauka ya hayo, wapo watoto na watu wazima ambao masikio yao hutoka usaha kutokana na maambukizi ya sikio la kati. Mgonjwa kama huyo anahitaji matibabu kwanza. Akihitaji shimesikio baadaye, lile la jadi lenye mrija humfaa zaidi, kwa maana usaha hauwezi kuifikia risiva kwa urahisi, na kiziba huweza kutolewa na kuoshwa.

Kwa mtoto, hoja hiyo ina uzito zaidi. Sikio lake linakua, hivyo kiziba hubana au kulegea na kuhitaji kubadilishwa mara kwa mara. Mrija nao hukakamaa baada ya miezi kadhaa. Vyote viwili ni vitu rahisi kuliko risiva, almuradi kuwe na mtu aliyefunzwa kuvitengeneza.

Kwa hivyo, uteuzi wa risiva si suala la urembo wala la kifaa kipi ni kipya zaidi sokoni. Mtaalamu huanza kwa kupima kila sikio na kuchora matokeo kwa desibeli. Kwa vigezo vya WHO, tatizo huwa kali linapofika desibeli 65. Risiva hutengenezwa kwa viwango tofauti vya nguvu, kuanzia ya kawaida, ya wastani, yenye nguvu, hadi yenye nguvu mno.

Risiva hafifu ikiwekwa kwa mtu mwenye tatizo kali, sauti hukwaruza na maneno hayaeleweki. Yenye nguvu kupita kiasi nayo inaweza kudhuru uwezo mdogo uliosalia. Ndiyo sababu risiva ya kiwango kingine cha nguvu haiwekwi hivi hivi. Shimesikio lazima lirekebishwe upya kwa kompyuta ili lijue aina ya spika linayoiendesha.

Pana mambo mengine matatu ya kuzingatia. Waya una vipimo vya urefu kulingana na ukubwa wa sikio. Kila risiva ina upande wake, nyekundu ikiwa ishara ya sikio la kulia na samawati ya kushoto. La tatu, ambalo ndilo husumbua wengi, ni kwamba risiva ya kampuni moja kwa kawaida haiingiani na shimesikio la kampuni nyingine. Mara nyingi hata matoleo tofauti ya kampuni moja hayaingiani.

Hapo ndipo misaada isiyo na mpango huzua matatizo. Iwapo wafadhili watatu wataleta mashimesikio ya kampuni tatu, hospitali italazimika kuweka akiba ya risiva za aina tatu, za nguvu, urefu na pande tofauti. Akiba hiyo isipokuwepo, kila hitilafu ndogo inakuwa mwisho wa kifaa.

Mkazi wa Borabu au Nyamache ambaye risiva yake imeharibika, na ambaye hapati nyingine mjini Kisii, hana budi kufikiria Kisumu au Nairobi. Safari ya Nairobi kutoka mjini Kisii ni zaidi ya kilomita 300 kwenda pekee. Nauli, malazi na siku za kazi zilizopotea huweza kupita bei ya kipuri chenyewe. Haishangazi mtu akiamua kukiweka kifaa kabatini.

Ajabu ni kwamba si kila kifaa kilichonyamaza kimeharibika. Mara nyingi betri imeisha, au kichujio kidogo cha nta kilicho kwenye mdomo wa risiva kimeziba. Fundi mwangalifu hubadilisha betri, kisha kichujio, kisha hukagua kizibo cha mpira, na baada ya hapo ndipo hujaribu risiva nyingine iliyo nzima. Sauti ikirejea, chanzo kimejulikana. Isiporejea, tatizo liko ndani ya kifaa.

Hatua hizo za mwanzo hazihitaji mtaalamu wa shahada. Mnamo Machi 2024, WHO ilitoa mwongozo kuhusu utoaji wa huduma za mashimesikio katika nchi za kipato cha chini na cha wastani, ikihimiza kwamba wahudumu wasio mabingwa wapewe mafunzo na kukabidhiwa baadhi ya kazi hizi.

Kenya tayari ina mtandao wa kuanzia. Mnamo Septemba 2023, serikali ilizindua mpango wa wahudumu zaidi ya 100,000 wa afya ya jamii, wanaotembelea familia nyumbani. Mhudumu anayejua kubadilisha kichujio cha nta anaweza kumwokolea mzee wa Kebirigo safari nzima ya mjini.

Upande wa elimu, vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu vilianza kuanzishwa nchini mwaka wa 1984, na Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya (KISE) ikafuata mwaka wa 1986. Kinachohitajika ni kuunganisha kazi ya vituo hivyo na ya hospitali, ili mtoto aliyepimwa shuleni asipotee kabla ya kupata kifaa, wala baada ya kukipata.

Kisheria, wajibu hauna utata. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kukabili vikwazo vinavyotokana na hali yake. Katiba hiyo pia iliyakabidhi magatuzi jukumu la hospitali na zahanati. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka wa 2025 nayo ilichukua nafasi ya ile ya 2003.

Lakini haki ya kupata kifaa haina maana iwapo haijumuishi haki ya kukitumia. Hata lugha ya forodha huonyesha pengo hilo. Katika orodha ya kimataifa ya bidhaa, mashimesikio yana nambari 9021.40, na maelezo yake yanasema wazi kwamba vipuri na viambata havimo. Msamaha wowote wa kodi utakaoandikwa kwa nambari hiyo pekee utaiacha risiva nje.

Wapo watakaodai kwamba pesa za kaunti ni haba, na kwamba ni heri kumpa kifaa mtu ambaye hajawahi kupata kuliko kumtengenezea aliyekwisha kupata. Hoja hiyo ina mvuto, ila hesabu yake ni mbovu. Shimesikio lililonyamaza kwa kukosa risiva ni gharama iliyokwisha kulipwa. Kununua jingine badala ya kipuri ni kulipa mara mbili kwa sikio lile lile.

Njia iliyo wazi ni Kisii na Nyamira kukubaliana kuhusu aina chache tu za mashimesikio, na kuagiza kwa pamoja. Mkataba wa ununuzi umlazimishe muuzaji kuleta risiva, vichujio, mirija na betri kwa miaka kadhaa. Mfadhili naye aulizwe swali hilo hilo kabla ya kupokewa kwa shangwe.

Aidha, kila anayepewa kifaa aandikishwe, pamoja na aina ya shimesikio lake, nguvu na urefu wa risiva yake. Kwa rekodi hiyo, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii na ile ya rufaa ya Nyamira zitajua ni vipuri vipi vya kuagiza, badala ya kubahatisha.

Kisii ina wadi 45 na Nyamira 20. Kwa mujibu wa sheria, makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye mabunge ya kaunti kufikia Aprili 30, na wananchi wana nafasi ya kutoa maoni yao. Madiwani wa wadi hizo 65 wanaweza kuuliza swali jepesi: je, kuna fungu la vipuri?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mtoto aliyeanza kutofautisha "saa" na "taa", kisha akarudishwa kwenye ukimya kwa sababu ya spika moja ndogo, muhula mmoja wa kusubiri kipuri ni muhula mmoja wa masomo usiorudi.