Shaaban Robert Hakujilea Mwenyewe

Wiki mbili zilizopita nilialikwa kwenye sherehe ya kufunga wiki ya kusoma katika shule moja ya sekondari. Mgeni rasmi, mtu mwenye elimu yake na mvi zake, aliwaambia wanafunzi kwamba Shaaban Robert alijilea mwenyewe. Kipaji cha kweli, alisema, hakihitaji ndugu wala jamaa. Huchomoza chenyewe kama jua. Ukumbi ukapiga makofi. Msichana mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono: "Shikamoo mzee. Kwani yeye hakuwa na ndugu?" Akajibiwa kwamba hilo halimo kwenye mtihani. Akaketi.

Jibu lile limenikwama kooni kama mwiba wa changu. Ndugu alikuwa naye, na ndugu huyo ana jina: Yusuf Ulenge.

Yusuf alikuwa mdogo wake Shaaban, ndugu wa kuchangia mzazi. Shaaban alimwandikia barua tangu mwaka 1931, wakati huo akiwa kijana wa miaka 22, karani wa forodha, mpaka mwaka 1958, akiwa mtu mzima ambaye vitabu vyake Kusadikika na Adili na Nduguze vimekwisha kutoka. Hiyo ni miaka 27. Katika miaka hiyo Shaaban alitoka forodha, akapelekwa idara ya mifugo Mpwapwa, akarudi ofisi ya wilaya Tanga, kisha akaingia idara ya upimaji. Barua zikaendelea kwenda kwa mdogo mtu, na mdogo mtu akazitunza. Mwaka 2002, miaka 40 baada ya Shaaban kufariki, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikazichapa kuwa kitabu: Barua za Shaaban Robert 1931–1958.

Namwomba msomaji asilipite haraka neno hilo, akazitunza. Aliyezaliwa pwani anajua karatasi hapa inaishi maisha gani. Kuna unyevu wenye chumvi. Kuna mchwa, panya, na mende wanaotafuna gundi ya bahasha. Kuna paa linalovuja masika, watoto wanaotaka karatasi ya kutengeneza tiara, na mpishi asiye na cha kuwashia jiko. Barua haidumu miaka sabini kwa bahati. Inadumu kwa sababu yupo mtu ambaye kila anapohama nyumba, kila anapofagia chumba, anaamua upya kwamba hii haitupwi.

Na hapa ndipo penye hoja yangu yote, nami sitachoka kuirudia. Mwaka 1931 hapakuwa na Shaaban Robert tunayemjua. Hapakuwa na vitabu, hapakuwa na shule wala barabara yenye jina lake, hapakuwa na mgeni rasmi wa kumsifu jukwaani. Palikuwa na karani wa forodha anayemwandikia mdogo wake. Barua ya mtu maarufu hata mwizi huitunza, kwa kuwa anajua itauzika. Barua ya karani huitunza ndugu peke yake. Yusuf alimthamini Shaaban kabla taifa halijamthamini, na taifa lilipoamka likakuta kazi imekwisha kufanywa. Halafu leo tunasimama mbele ya watoto wa watu tukasema mzee wetu hakuwa na mtu!

Wapo wanaonijibu kwamba kama huyo Yusuf alikuwa na maana, angeandika vitabu vyake mwenyewe. Hoja hii haina hata mguu wa kusimamia. Yusuf aliandika! Nguzo ya Maji na Hadithi Nyingine ni kitabu chake. Wanaosema hakuandika hawakutafuta. Wamelirithi neno na kulipokeza, kama wanavyopokezana majibu ya mtihani. Na hata kama asingeandika mstari mmoja, tangu lini mchimba kisima akaambiwa hana thamani kwa sababu si yeye anayekunywa maji?

Ugonjwa huu wa kumsahau ndugu si wetu peke yetu. Waingereza wana shairi lao mashuhuri la William Wordsworth kuhusu maua ya manjano kando ya ziwa, na shairi hilo linaanza kwa kudai kwamba mshairi alikuwa akitembea peke yake. Hakuwa peke yake. Tarehe 15 Aprili 1802 alikuwa akitembea na dada yake, Dorothy, karibu na ziwa la Ullswater, na Dorothy ndiye aliyeyaandika maua yale kwenye shajara yake, jinsi yalivyocheza na upepo na jinsi mengine yalivyolaza vichwa juu ya mawe kama yamechoka. Kaka alitunga shairi miaka miwili baadaye. Dunia nzima ikakariri upweke ambao haukuwapo.

Mtazameni na Maria Chekhova wa Urusi, dada yake mwandishi Anton Chekhov. Alikuwa mwalimu. Mwaka 1892 alichumbiwa, akaenda kumweleza kaka yake, na kaka akakaa kimya. Maria aliuelewa ukimya ule, akamkataa mchumba, na hakuolewa mpaka kufa. Chekhov alifariki mwaka 1904 akiwa na miaka 44. Dada akazikusanya barua zake na kuzichapa katika mabuku sita kati ya 1912 na 1916. Nyumba ya kaka kule Yalta akaigeuza makumbusho, akaisimamia mapinduzi yakipita, akabaki ndani yake majeshi ya Ujerumani yalipouteka mji. Alifariki mwaka 1957, miaka 53 baada ya kaka yake. Mtu anayeingia leo katika nyumba ile akaona meza ya Chekhov, anaiona kwa sababu ya Maria.

Lakini sihitaji kwenda Urusi. Mjomba wangu alikuwa mshairi. Alipeleka mashairi redioni na magazetini, na mengine yakasomwa. Hakuwa mtu wa kuweka vitu. Aliyeweka ni mdogo wake, mama yangu mdogo, katika sanduku la bati chini ya kitanda, na majani ya mwarobaini kati ya kurasa. Kila masika ikiisha alitandika mkeka uani, akaanika karatasi moja moja juani, akazikandamiza kwa vijiwe. Sisi watoto tulikuwa walinzi wa kuku wasizikanyage.

Mjomba alipofariki, baada ya arubaini wazee walikaa kugawa. Wakagawa minazi, wakagawa baiskeli na kitanda. Walipofika kwenye sanduku, mmoja akasema haya ni makaratasi tu. Mama mdogo akaomba abaki nayo. Akaulizwa kwa sauti, mbele ya watu, ana haki gani wakati yeye hakutunga hata ubeti mmoja. Sanduku likachukuliwa kwa ajili ya bati lake, yaliyomo yakamwagwa.

Miezi michache baadaye nilinunua karanga stendi. Nilipomaliza kula nikaifungua ile karatasi iliyokuwa imekunjwa mithili ya pembe, nikauona mwandiko wa mjomba. Herufi y yake aliivuta mkia mrefu kuelekea kushoto. Hakuna mwingine aliyeandika vile. Palikuwa na mishororo mitatu, wa nne umechanika, na doa la mafuta juu ya kina cha mwisho. Karatasi ile ninayo mpaka leo. Ndiyo pekee iliyobaki ya miaka thelathini ya utunzi. Kipaji kilikuwapo, tena kikubwa. Ila aliyekishika walimpokonya.

Ndiyo maana maneno ya mgeni rasmi yamenichoma. Haya si maneno matupu, yana madhara. Yanawafundisha vijana kumwona ndugu wa karibu kama mzigo, na yanawafundisha wazee wa ukoo kumpokonya sanduku aliyelitunza. Nashuku hata Adili na Nduguze tunaisoma kwa jicho hilo hilo: tunawakumbuka nduguze Adili, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa manyani na kuchapwa usiku, tukatoka tumeamini kwamba ndugu wa mtu mwema ni mchawi wake. Tunasahau kwamba Adili mwenyewe aliwachapa huku akilia, na kwamba mwishowe ndugu wale walirudishiwa utu wao. Mtu aliyeandika hadithi ile alikuwa, miaka ile ile, akimwandikia barua ndugu yake mwenyewe.

Na mitaala nayo ina lawama yake. Mtoto anakaririshwa kwamba Shaaban alizaliwa 1909 na kufariki 1962, anaorodhesha vitabu vitano, anapata alama zake, basi. Hafundishwi kuuliza vitabu hivyo na barua hizo vimemfikiaje. Halafu tunashangaa kwamba kijana huyo huyo, babu yake akifa, anachoma daftari za babu pamoja na godoro.

Walimu wa Kiswahili, hili ni lenu. Siku mtakapofundisha Shaaban Robert, andikeni ubaoni majina mawili. Na ninyi mnaokwenda kukaa vikao vya mirathi, kabla ya kuhesabu minazi, ulizeni ni nani katika nyumba hii aliyekuwa akitunza karatasi za marehemu, kisha mwachieni sanduku lake. Na wewe binti wa kidato cha tatu uliyeambiwa uketi: swali lako lilikuwa sahihi kuliko hotuba nzima. Ndiyo, alikuwa na ndugu.