Daktari Mkuu wa Seva Aseme Kiswahili

Anayeomba kuwa daktari mkuu katika seva ya mchezo wa kuigiza anaomba kazi ya maneno. Hakuna atakayempima namna anavyoshika kisu cha upasuaji, kwa kuwa kisu chenyewe hakipo. Atapimwa kwa alivyoandika, kisha kwa alivyosema. Ndiyo maana nashangaa kwamba jambo hili halijawahi kuongelewa katika kitivo chetu, ambako kila darasa lina vijana wawili watatu wanaocheza usiku, wakati mega zinapokuwa rahisi.

Niwaeleze kwanza walimu ambao hawajauona mchezo huu. GTA V ulitoka mwaka 2013. Juu yake kuna programu iitwayo FiveM, inayomruhusu mwenye seva kufungua mji wake na kuuwekea sheria zake. Ilianza kama kazi ya wapenzi wa mchezo, na mwaka 2023 kampuni ya Rockstar, yenye mchezo wenyewe, ikaichukua. Katika miji hiyo watu hawashindanii pointi. Mmoja ni dereva wa teksi, mwingine ni polisi, mwingine anauza magari, na kila mmoja anatakiwa aseme na atende kama huyo mtu aliyejichagulia. Hospitali ipo, nayo ina ngazi zake: mwanagenzi, muuguzi, daktari, na juu kabisa daktari mkuu, ambaye seva za Kifaransa humwita “médecin-chef”. Ngazi za chini unazipanda kwa kuhudhuria tu. Ile ya juu unaiomba kwa maandishi marefu, halafu unaitwa kuhojiwa kwa sauti.

Fomu ya maombi inakuuliza jina mara mbili, la mtu aliye mbele ya kompyuta na la mtu aliye ndani ya mchezo. Umri pia mara mbili. (Wenzangu wa isimu wanaohangaika na nafsi ya kwanza wangeipenda sana fomu hiyo.) Kisha yanakuja maswali yenyewe. Mgonjwa akikataa matibabu utafanyaje? Muuguzi wako akigombana na polisi mbele ya majeruhi? Ndugu wakikataa kuamini kwamba mtu wao amekufa? Daktari mkuu hatibu sana. Anaandika taratibu, anafundisha wageni, anaamua mashauri, anaongea kwenye redio, na katika seva nilizozicheza mimi ndiye anayetamka kwamba mhusika fulani amekufa kabisa na mchezaji wake hana budi kuanza mtu mwingine. Tulipofundishwa Austin na kitabu chake cha mwaka 1962 juu ya maneno yanayotenda, nilikaa nyuma ya darasa nikicheka peke yangu. Kila usiku nilikuwa nikiona sentensi moja ikimwondoa mtu duniani, na sentensi hiyohiyo ikitamkwa na mwanagenzi isifanye lolote.

Kuna amri mbili ambazo kila mchezaji huzijua. Ukiandika “/me” unasema kitendo chako: anafunga bandeji. Ukiandika “/do” unasema hali ya mambo: damu bado inatoka. Sheria kubwa ni kwamba huruhusiwi kumwamulia mwenzako matokeo. Daktari anaweza kuandika kwamba anadunga sindano, lakini kama maumivu yamepungua, hilo ataliandika mgonjwa. Wachezaji wanaotumia Kifaransa huisahau sheria hii kila siku, na wasimamizi huwaadhibu kila siku. Nadhani sehemu ya shida ni kwamba kitenzi chao “guérir” humfaa daktari anayeponya na mgonjwa anayepona, bila hata herufi moja kubadilika. Sisi tunatenganisha tangu shina. Daktari anatibu. Mgonjwa anapona. Kiima cha kupona ni mgonjwa, na daktari akitaka kujipenyeza humo lazima aongeze kitu, aseme anaponya, na hapo hata bibi yangu asiyejua kusoma atamuuliza: wewe ni nani wa kuponya? Mtu aliyelelewa katika Kiswahili anayo sheria hiyo mdomoni kabla hajausoma ukurasa wa kwanza wa kanuni za seva.

Lakini hapohapo tunakwama penye jina la cheo. Goma kila anayevaa koti jeupe ni munganga. Aliyesoma miaka saba ni munganga, anayechoma sindano ni munganga, na anayeandika majina mlangoni tutamwita munganga tukiwa na shida ya kutosha. Neno ni la zamani na ni letu, shina lake limeenea katika lugha za Kibantu toka Atlantiki hadi Bahari ya Hindi, ila huku kwetu halina ngazi. Tukitaka ngazi tunakimbilia Kifaransa: “médecin chef de zone”, “médecin directeur”, “infirmier titulaire”. Tanzania walifanya vingine. Neno mganga likisimama peke yake Dar es Salaam humpeleka msikilizaji kwa mwenye mizizi na hirizi, na bado daktari wa juu kabisa wa nchi anaitwa Mganga Mkuu wa Serikali. Yupo Mganga Mkuu wa Mkoa, yupo wa Wilaya, na anayeongoza hospitali ni Mganga Mfawidhi. Mfawidhi ni neno lenye asili ya Kiarabu, na ndani yake mna habari ya kukabidhiwa madaraka. Kwa hiyo cheo chenyewe kinamkumbusha mwenye nacho kwamba amekabidhiwa. Sidai tuyachukue maneno ya Dodoma yote kama yalivyo, maana mtu wa Kibati ukimwambia mfawidhi atadhani ni jina la Mwarabu. Nadai tu kwamba jambo linawezekana.

Sasa kwa nini liwahusu watu wa hapa? Kibati iko kaskazini ya Goma, kwenye barabara ya Rutshuru, chini ya Nyiragongo. Wazee wa kwetu wanakumbuka kipindupindu cha Julai 1994, wakimbizi walipojaa toka Goma hadi Kibumba. Mwaka 2008 Kibati yenyewe iligeuka kambi ya makumi ya maelfu ya watu. Mei 2021 lava ilishuka na kuikata barabara. Mwisho wa 2022 kambi zikajaa tena Kanyaruchinya, na kipindupindu kikarudi. Katika mambo hayo yote mtu wa hapa amekutana na waganga wengi sana, na wengi wao walikuwa wema. Ila utaratibu wa maneno ulikuwa uleule. Muuguzi anaongea na mama kwa Kiswahili, au Kinyarwanda, au Kinande, kadiri ya mama mwenyewe. Kisha anakuja mkubwa, anaongea na muuguzi kwa Kifaransa juu ya kichwa cha mama, na anaondoka. Mama anauliza: amesema nini? Muuguzi anamfupishia.

Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyoua watu zaidi ya 2,200 na kufika Goma Julai 2019, kufupisha huko kulionekana kwa macho. Shirika la Translators without Borders lilichunguza lugha za watu wa eneo hili na kukuta kwamba Kifaransa na Kiswahili sanifu cha mabango vilikuwa vinawapita wengi, waliotaka kuelezwa kwa lugha wanayoongea. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa. Katika hospitali zetu ni lugha ya taifa hadi ngazi ya muuguzi, halafu ngazi zinaendelea bila yenyewe.

Hapo ndipo ninapouona mchezo. Hakuna mahali pengine ninapopajua ambapo kijana wa miaka 20 wa Kivu anaketi saa tatu mfululizo akifanya kazi ya kusema kama mkubwa wa hospitali. Kama atasema kwa Kifaransa tu, atakuwa anazoea utaratibu uleule wa kuongea juu ya kichwa cha mama. Kama atasema kwa Kiswahili, itambidi atunge lugha ya ukubwa ambayo haijatungwa vya kutosha huku kwetu.

Najua litakalosemwa. Mwalimu mmoja ninayemheshimu aliniambia kwamba kucheza majeruhi katika mji uliokuwa na majeruhi wa kweli ni kukosa haya. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, hospitali ya CBCA Ndosho ilipokea watu waliopigwa risasi kwa mamia, na sisi wa Kibati hatukuhitaji kusimuliwa. Sitajibu kwamba mchezo ni mchezo tu. Nitamjibu kwamba kuigiza kumekuwa ndani ya udaktari siku nyingi. Mwaka 1963 huko California, Howard Barrows alianza kuwafundisha watu wazima wasio na ugonjwa waigize wagonjwa, ili wanafunzi wake wajifunze kuuliza na kusikiliza. Leo shule nyingi za udaktari zinafanya hivyo. Na Septemba 2005, ndani ya mchezo wa World of Warcraft, balaa ambalo watengenezaji walilikusudia liishie chumba kimoja lilitoroka na kuambukiza miji mizima. Wachezaji wengine walikimbia, wengine walilisambaza makusudi, na baadhi ya wenye uwezo wa kutibu walijitolea kwenda kusaidia. Mwaka 2007 watafiti wawili waliliandikia makala katika jarida la Lancet la magonjwa ya kuambukiza. Hao wanasayansi hawakuona haya, basi kitivo cha lugha kione ya nini?

Mimi niliomba cheo mwaka jana katika seva moja ya Kifaransa, ambayo jina lake halina faida hapa. Swali la kumtangazia mama kifo cha mwanawe nililijibu kwa Kiswahili, na chini yake nikaweka tafsiri. Niliandika kwamba daktari mkuu haanzi na mama. Anatafuta kwanza mjomba au mtu mzima wa ukoo, anamwita pembeni, anamwambia, na wanarudi wawili. Anasema: “Mama, kaa kwanza.” Mama akikataa kukaa, na yeye hakai. Hasemi “décédé”, neno linalopita kama gari lililofungwa vioo. Anasema tumejaribu, anasema hatuko naye tena, na akiulizwa waziwazi “amekufa?” anajibu “ndiyo, Mama”, kwa kuwa mtu aliyeuliza hivyo ana haki ya jibu hilo. Wasimamizi walinijibu kwa adabu: maombi husomwa kwa Kifaransa tu, na jambo la mjomba litachelewesha mchezo. La kwanza nalielewa, hawana wa kunisahihisha. La pili linaonyesha jinsi wanavyomfikiria daktari: kwao habari ya kifo ni taarifa ya kufikishwa haraka. Kwetu ni shughuli yenye watu wake na mpangilio wake, na mkubwa ndiye mwenye kuupanga.

Kwa hiyo tumeanza kucheza kwetu, watu tisa wa Goma na Bukavu, katika seva ndogo inayozimika umeme ukikatika. Mijadala imekuwa mikali kuliko madarasa mengine niliyokaa. Tulibishana siku mbili juu ya kumpanga mgonjwa kwa uzito wa hali yake. Wa Bukavu walitaka “kuchagua wagonjwa”, nami nilikataa kwa sababu kuchagua kunanukia upendeleo, tukaishia “kutanguliza”, ambalo linamfanya mtu aulize mara moja: ametangulizwa nani, na kwa nini? Dawa ya usingizi haikutusumbua. Majina ya dawa tumeyaacha kama yalivyo. Kilichotusumbua zaidi ni namna daktari mkuu wa miaka 22 atakavyomwamuru muuguzi anayecheza mama wa miaka 50. Kifaransa humaliza kwa “vous” tu. Tulijaribu “Mama, nakuomba ulete”, ikaonekana nyepesi penye damu. “Leta!” ikamkasirisha hata aliyekuwa anaigiza. Tuliyobaki nayo ni “Mama, leta”, pasipo kuomba na pasipo sauti ya juu, na imekubaliwa na wote isipokuwa mmoja.

Ninachoomba kwa kitivo ni kidogo. Tunahifadhi maandishi ya kila mchezo, kwa ridhaa ya wachezaji. Mwalimu wa tafsiri ayachukue kwa semina moja. Mwalimu wa isimu jamii aje aketi kwenye mahojiano ya wanaoomba, asikilize kwa sauti, na akitaka amnyime mtu cheo. Na wenzetu wa kitivo cha udaktari waitwe, hasa wale ambao baada ya miaka miwili watakuwa wakipita kati ya vitanda.

Nafasi ya daktari mkuu katika seva yetu iko wazi hadi mwisho wa mwezi. Fomu ina swali moja tu la kuandika: mzee aliyehamishwa toka Kanyaruchinya ana mguu uliooza na anakataa usikatwe, binti yake anataka ukatwe, na wote wawili wanakutazama wewe. Andika utakayosema, neno kwa neno, kwa Kiswahili unachoongea nyumbani.