Taito Unayo, Lakini Ilitoka Wapi?

"Taito ninayo, hakuna kesi." Utaisikia kauli hii kwa broka wa ploti Ruiru, kwa mwana wetu aliye Marekani anayetuma pesa za kununua, hata kwa wazee wanaogawa shamba Thika. Ni nusu ya ukweli. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinaichukua hatimiliki kuwa ushahidi kwamba aliyetajwa ndiye mwenye ardhi, lakini papo hapo kinaruhusu ipingwe ikiwa mwenyewe alishiriki ulaghai, au ikiwa ilipatikana kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu, au kwa njama za ufisadi.

Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ililipigilia msumari jambo hili katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa. Kiwanja kilichogombaniwa, kilichoko Nyali, kiligawiwa Rais Moi mwaka 1989, kikauzwa, na Dina Management ikaja kukinunua baadaye. Majaji walirudi nyuma hadi ugawaji ule wa kwanza, wakaukuta na kasoro, na mnunuzi wa mwisho akakosa kiwanja.

Kwetu huku, kauli inayoliza watu zaidi ni "sheya ni shamba". Baada ya uhuru, wananchi walichanga pesa wakanunua mashamba ya walowezi kupitia kampuni za kununua ardhi. Githunguri Constituency Ranching ni mojawapo, na historia yake bado inasomeka juu ya taito: Ruiru/Kiu Block 2, kisha neno Githunguri ndani ya mabano, ndipo namba ya ploti. Mwanachama alipata cheti cha sheya, akaokota kura yenye namba, savea akamwonyesha bikoni. Wengi waliishia hapo, hawakufuatilia taito. Cheti kikarithiwa, au kikauzwa kwa mtu ambaye naye alikiuza.

Sheya inakufanya mwanachama wa kampuni. Ardhi hubaki ya kampuni mpaka isajiliwe kwa jina lako. Kura na risiti ni ushahidi mzuri wa madai yako, hasa jina likiwa kwenye rejista ya wanachama, lakini ni madai bado. Ndipo unawakuta watu wawili wameshika namba moja, mmoja ana cheti cha marehemu babake, mwingine ana taito, wote wakisubiri siku yao katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi pale Thika. Kwa maoni yangu, anayenunua cheti cha sheya kwa bei ya ploti amenunua kesi, hata muuzaji awe mkweli kiasi gani.

"Lakini nilifanya sachi, ikatoka safi." Sachi hueleza kilichoandikwa kwenye rejista siku hiyo, basi. Omba uone grini kadi, ambamo wamiliki wamefuatana kwa tarehe. Taito iliyotolewa juzi kwa ardhi ambayo watu wamejenga na kuzeekea ina maswali ya kujibu. Kisha nenda shambani na ramani, na uulize majirani, si broka.

"Tuliandikiana mbele ya chifu." Vizuri, ila shamba la kilimo huhitaji kibali cha bodi ya kudhibiti ardhi, kikiombwa ndani ya miezi sita tangu mapatano; bila hicho mauzo hubatilika na kwa kawaida unachoweza kudai ni pesa zako. Na kama ni nyumba ya ndoa, mke au mume lazima akubali.

"Nimekaa miaka 12, ni yangu." Umekaa waziwazi, bila ruhusa na bila kukatizwa? Basi nenda mahakamani ukaombe amri, kwa sababu miaka yenyewe haiandiki jina lako. Mpangaji na aliyekaribishwa hawamo. Ardhi ya umma pia haimo, hata ukae miaka mia.

Mwisho wapo wanaodai kwamba taito ya milele haiguswi na serikali, na wengine huleta hoja ya Marekani kuhusu hati asilia iliyo juu ya kodi na mahakama. Mahakama za huko zenyewe zimeikataa. Hapa Kenya, kifungu cha 40 cha Katiba kinairuhusu serikali kuchukua ardhi kwa manufaa ya umma ikilipa fidia ya haki. Hata zile hati za miaka 999 walizoacha wakoloni, zilizokuwa mikononi mwa wasio raia, Katiba ya 2010 ilizipunguza hadi miaka 99.