Tukienda kuona divai, tuulize matangi ni ya nani

Kila mara tukiuliza koperative wanataka safari gani ya mafunzo, jibu ni lile lile: Butembo, Goma, Kampala. Safari hii kuna wanachama waliosema: tupelekeni Dodoma, Tanzania, tuone kiwanda cha divai. Mkutano ukacheka. Bunia na zabibu, wapi na wapi? Sisi tunaoandika kijarida hiki tunasema waende. Lakini wasiende kuonja tu.

Kule Dodoma mizabibu ililetwa na mapadri wa Kikatoliki, pale misheni ya Bihawana, miaka ya 1950. Ni nchi kavu, mvua kidogo, na bado mkulima anavuna mara mbili kwa mwaka. Shida yake inaanza akishakata zabibu. Hawezi kuziweka ndani ya gunia kama maharagwe, angoje bei ipande. Siku chache tu, zinaoza. Divai yenyewe inaweza kukaa miaka. Basi mwenye matangi ndiye anasema bei, na kuna misimu wakulima wamekosa mnunuzi kabisa, zabibu zikaharibikia shambani.

Nani kati yetu hajui jambo hilo? Kahawa mbivu ya Mahagi au Djugu inatakiwa kumenywa siku ile ile inachumwa. Ikilala ndani ya gunia inapata moto, ladha inaharibika. Ndiyo maana mnunuzi mmoja wa pikipiki, akifika saa kumi na moja jioni, anakuwa na nguvu kuliko koperative nzima. Yeye hana haraka. Haraka ni yetu.

Wengine wataambia wajumbe kwamba viwanda vya divai ni mambo ya matajiri wa Ulaya. Si kweli yote. Kule Hispania watalii wanalipa makuta kuingia katika majumba ya zamani ya divai, na baadhi ya yale mazuri kabisa yalijengwa na koperative za wakulima. Katika jimbo la Catalonia, mwisho wa karne ya 19, mdudu anayeitwa filoksera alikula mizizi na kuua mizabibu. Wazee wetu walioona trakeomikoze ikikausha robusta wanaelewa maneno hayo. Wakulima wakapanda upya, kisha wakaungana. Mji wa L'Espluga de Francolí ulipata jumba lake mwaka 1913. Gandesa na Pinell de Brai wakafuata, kwa michoro ya Cèsar Martinell. Ni majumba marefu yenye matao, hata watu wanayaita makanisa makuu ya divai.

Pale Pinell de Brai kulikuwa na vigae vya kupamba ukuta wa mbele, vyenye picha za wavunaji na wanywaji. Ikaonekana ni gharama isiyo ya lazima. Vigae vikakaa stoo mpaka 1949 ndipo vikapandishwa ukutani. Matangi kwanza, urembo nyuma. (Tunajua koperative za huku zilizoanza na tisheti na muhuri, na mpaka leo hazina hata meza moja ya kukaushia.)

Tunasikia wanaojibu: hapa Ituri ukijenga, vita vinakuja, mashini inaibwa, nyumba inachomwa. Ni kweli, na hakuna anayeweza kuwaahidi kinyume. Kwa hiyo hatusemi mjenge kanisa kuu la kahawa. Mashini ya mkono ya kumenya inaweza kubebwa na watu wachache wakati wa kukimbia. Meza za kukaushia ni miti na wavu. Makuta ya msimu huu yaende huko, kabla ya pikipiki ya pili ya komite.

Na wajumbe wasiwe tena prezida na sekretere peke yao. Apelekwe mama anayechambua kahawa, apelekwe yule anayeshika mizani. Waulize wakulima wa Dodoma, si mwenye kiwanda tu: kilo ya zabibu mliuza franga ngapi, na chupa inayotoka humo inauzwa ngapi? Nani anapima? Mnalipwa siku gani? Wakirudi na hesabu hizo tutazichapisha hapa, bei kwa bei.